Kijiji Walichokijenga Nyuma ya Kasri

Kazi ya kwenye kasri niliipatia mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiwa bado wageni Anderlecht, mtaa wa Brussels. Mume wangu alipakua mizigo kwenye ghala moja karibu na mfereji, nami nilisafisha ofisi za watu kabla wenyewe hawajafika. Nyumbani Bukavu nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilifundisha sekondari hadi serikali ya Zaire ilipoacha kutulipa na migomo ikazifunga shule. Brussels waliitazama shahada yangu, wakaigeuza upande wa pili kana kwamba kuna kitu nimekificha huko, wakasema haitambuliki.

Katika kwaya yetu kulikuwa na mama mmoja Mbelgiji aliyekaribia kustaafu. Alipenda kuimba nasi, ingawa maneno yalimshinda. Siku moja, tukivaa makoti mlangoni, aliniuliza nyumbani nilikuwa nikifanya nini. Nikamwambia. Akanishika mkono.

"Unasafisha ofisi na wewe ni mwalimu? Njoo kwangu. Natafuta mwalimu."

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa programu ya elimu kwenye kasri moja nje ya mji, mwisho wa tramu, pale msitu unapoanza. Lilikuwa jumba la matofali mekundu lenye minara miwili, na mbele yake ziwa lililochimbwa kwa mikono ya watu ili bata wapate pa kuogelea. Ukoo uliolijenga ulitajirika kwa mashamba ya kahawa na kwinini, ile dawa ya malaria, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa Kivu, kwenye milima ninayoijua. Wakati wangu ukoo ulikuwa umebaki na watu wachache wasioonekana, na kasri lilikuwa mikononi mwa shirika lililoendesha programu mbili: elimu kwa watoto wa shule, waliokuja kwa mabasi, na utafiti kwa wasomi, waliokaa ghorofani kati ya makabati ya kumbukumbu na kuteremka saa ya kahawa.

Mimi nilipewa nyumba ya vioo. Ilikuwa nyuma ya jumba, ndefu, yenye joto hata theluji ikianguka nje, na ndani yake walikuwa wamepanda kila kitu kilichowatajirisha. Mibuni ilikuwemo. Mikwinini ilikuwemo. Mara ya kwanza kuingia nilinusa udongo wenye maji na majani yanayooza, nikasimama pale mlangoni nikalia, na yule mama wa kwaya akajifanya anapangusa miwani yake.

Somo nililitunga mwenyewe. Watoto waliingia na makelele yao, nikawapa kila mmoja kipande kidogo cha gamba la mkwinini, nikawaambia watafune. Nyuso zilivyokunjamana! Wengine walitema, wengine walimeza kwa ushindani. Wakishanyamaza, nikawaonyesha kwenye ramani mahali uchungu ule ulikotoka, kisha nikawauliza: "Nani alilibandua gamba hili likaletwa hapa?" Hawakuwahi kufikiri kwamba gamba hubanduliwa na mtu. Nikawaambia baba yangu alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kwinini, na mama yake alibandua magamba mpaka kucha zikawa za manjano, rangi isiyotoka hata kwa sabuni. Sikujua kama shamba lile lilikuwa la ukoo huu au la jirani zao, na hilo pia niliwaambia, kwa sababu sikutaka kusema uongo hata mdogo.

Watoto waliuliza maswali mazuri. "Alikuwa na likizo?" "Mbona asiende kufanya kazi kwingine?" Kasichana kamoja kaliutazama mnara kupitia vioo kakauliza, "Kwa hiyo nyumba hii ni yenu kidogo?" Walimu wao walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia ni swali zuri kuliko yote niliyosikia tangu nifike nchi hii.

Nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, nami nilikuwa na furaha. Lazima niseme hivyo, maana bila kujua nilivyokuwa na furaha hamtaelewa nilivyokasirika.

Kisha mama wa kwaya akastaafu. Aliyechukua nafasi yake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti laini sana, aliyewahi kufanya kazi ya kuandaa safari za watalii. Siku moja aliketi nyuma wakati wa somo langu, miguu kaipishanisha, akiandika. Lilipokwisha akaniita pembeni.

"Unajua vingi," akasema. "Lakini ni zito. Watoto wa siku hizi wanataka kugusa, kucheza, kusafiri. Wanatoka hapa na huzuni."

"Wanatoka na maswali," nikasema.

"Maswali ya huzuni."

Majira ya kuchipua yalipofika, mafundi walianza kujenga kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya kasri, karibu na mazizi ya zamani ya farasi. Walijenga nyumba tatu za msonge kwa udongo wa Ubelgiji, wakaziezeka kwa mabua ya ngano ya Ubelgiji. Katikati wakaweka kinu na mchi, vibuyu, na mkeka. Kibao cha mbao kikasema: Kijiji cha Afrika.

Idara ya utafiti nayo haikubaki nyuma. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari, kijana mrefu mpole wa sauti na mwepesi wa kuomba radhi, alikuwa akichunguza jinsi watoto wa Ulaya wanavyokutana na watu walio tofauti nao. Kijiji kilikuwa mahali pake pa utafiti. Kila kundi likija, alisimamisha kamera ya video juu ya miguu yake mitatu akachukua picha za nyuso za watoto. Aliniomba nizikague zile nyumba.

"Ni za kabila gani?" nikamwuliza.

"Hatukutaka kubagua. Ni za Afrika ya Kati kwa ujumla."

"Nani anaishi kwenye ujumla?"

Akaandika swali langu kwenye daftari lake. Nilimwona akiliandika. Kisha akalifunga.

Mkuu mpya alitaka mimi ndiye niwe mama wa kijiji. Kulikuwa na vazi tayari: sketi ya nyuzi za ukindu, mkufu wa kauri, na mkebe wa chokaa nyeupe ya kujichora usoni. Nilimwambia bibi yangu aliyebandua kwinini alikwenda kazini na gauni na kwenye misa na kikwembe cha kitenge kilichopigwa pasi, na kwamba sketi kama ile sijawahi kuiona Bukavu isipokuwa kwenye picha za wazungu. Tukavutana hadi tukakubaliana. Mimi ningebaki na nyumba ya vioo, na madarasa ya juu ya shule za msingi. Watoto wadogo wangekwenda kijijini, na mama wa kijiji angekuwa mfanyakazi mwenzangu, mwanamke wa Lubumbashi aliyeajiriwa kwa msimu.

Nilimkuta siku ya kwanza akijichora chokaa mbele ya kioo cha chooni. Nikamwuliza moyo wake unamwambia nini.

"Moyo?" akasema bila kugeuka. "Miye naona ni théâtre tu, mchezo, maman. Navaa, navua, naenda kwangu. Niko na batoto batatu na bwana hayuko. Bon, moyo nitauuliza siku ingine."

Nilikasirika naye wakati huo. Nikarudi kwenye nyumba yangu ya vioo.

Binti yangu alikuwa darasa la tano, shule ya mtaani kwetu Anderlecht. Mwezi wa sita mwalimu wao alipanga ziara ya kasri, na binti yangu alikaa wiki nzima akiwaambia wenzake kwamba mwalimu wa huko ni maman yake. Asubuhi ya siku yenyewe alinifanya nimsuke upya. Alivaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe iliyokuwa ya Jumapili. Mimi nilitangulia kwa tramu, nikayapanga magamba yangu mezani, nikamwagilia maji mibuni ili ionekane mizuri.

Nikasubiri. Basi nililisikia likiingia, milango ikifunguka, sauti za watoto. Darasa halikuja. Wakaja badala yake wahudumu wenye vitambaa vya meza na glasi. Mmoja wao akaniambia wafadhili wa kasri watakula chakula cha mchana humu ndani ya nyumba ya vioo, mkuu ndiye aliyeagiza, na je, ningeweza kuliondoa lile gunia la magamba?

Nilijua wamewapeleka kijijini. Sijui nilijuaje, lakini nilitoka mle ndani mbio, nikapita kando ya jumba, nikapita mazizi.

Kwanza nilisikia kicheko. Halafu nikaona duara la watoto, na mwalimu wao na kibeti chake kifuani, akitabasamu kama mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, taa yake nyekundu inawaka. Mwenzangu wa Lubumbashi alikuwa amesimama mlangoni mwa msonge, mikono kaifunga, macho chini. Na katikati, mbele ya kinu, alikuwa binti yangu.

Walikuwa wamemfunga ile sketi ya ukindu juu ya jinzi yake. Kauri zilimning'inia kwenye paji la uso, juu ya misuko niliyomsuka mimi kabla jua halijachomoza. Mashavuni mwake walikuwa wamemchora mistari ya chokaa. Ameshika mchi kwa mikono miwili, na mkuu wangu amemwekea mkono begani, akiwaeleza wenzake kwa ile sauti yake laini kwamba huku ndiko rafiki yao anakotoka. Nyuma ya duara wavulana wawili walikuwa wakijikuna makwapa na kutoa sauti za nyani.

Sikupiga kelele. Watu baadaye walisema nilipiga kelele, lakini si mwanzoni. Nilipita katikati ya duara, nikauchukua ule mchi mikononi mwa mwanangu, nikapiga magoti, na kwa mkono mmoja nikaanza kufungua fundo la sketi. Lilikuwa limefungwa sana. 

"Nani alikuvalisha?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

"Madame."

"We ulitaka?"

Midomo yake ilikuwa inacheza. "Alisema hii njo kazi yako, maman. Alisema unafanyaka hivi kila siku."

Nikasimama.

"Jamani, kuna nini?" mkuu akasema. "Alikuwa anafurahi. Anajivunia asili yake! Nilifikiri wewe mwenyewe ungependa. Mama na binti wakitwanga pamoja, hebu fikiria."

"Asili yake unaijua?"

"Tusifanye hivi mbele ya watoto."

"Umemfanya nini binti yangu? Si mbele ya watoto?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele, ndiyo. Niliwageukia wale watoto. Niliwaambia mwenzao alizaliwa hospitali, mjini Bukavu, na nyumba yetu ya huko ina madirisha yanayotazama ziwa kubwa kuliko mkoa wao. Niliwaambia kinu tunacho, cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, na kilikaa jikoni kwetu kama blenda inavyokaa jikoni kwa mama zao, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumpiga picha mama yangu akipika. Niliwaambia mashimo yale madogo kwenye kauri yametobolewa kwa mashine. Wale wavulana wawili niliwataka wanionyeshe tena sauti waliyokuwa wakiitoa, mbele yangu, kwa nguvu, ili nisikie vizuri. Walitazama viatu vyao. Mwalimu wao akaanza kusema kitu nikamwambia, "Wewe ulikuwa hapa. Ulisimama ukacheka."

Kisha nikaona ile taa nyekundu bado inawaka.

"Zima," nikamwambia yule mtafiti.

"Ni kwa ajili ya utafiti tu, madame. Hakuna atakaye..."

"Zima."

Akazima. Nikamwambia anipe mkanda. Alisema hawezi, shule imetoa ruhusa, ni mali ya programu, ananielewa kabisa, anasikitika sana. Nikamsogelea. Akarudi nyuma hadi akagonga ukuta wa msonge, na udongo ukamwangukia begani. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa bado nimeushika mchi.

Kwa mchi ule walinifukuza. Mkuu alinieleza mchana ule ule, ofisini, mlango wazi na mlinzi amesimama nje, kwamba nimemtishia mfanyakazi kwa chombo cha jadi. Hilo ndilo neno alilolitumia: chombo cha jadi. Kilinunuliwa na wao. Kiliwekwa pale na wao. Nilipokishika mimi kikageuka silaha.

Binti yangu sikumwacha arudi na basi. Tulipanda tramu pamoja. Nilikuwa nimemsafisha uso kwenye bomba la bustani, lakini chokaa ilibaki kwenye nyusi. Nilitaka anikumbatie. Nadhani nilitarajia aniambie asante. Alitazama nje mpaka tukafika mjini, halafu akasema, bila kunigeukia, "Sasa bote batasema maman yangu ni wazimu."

"Walikuwa wanakucheka."

"Bangeacha. Ingepita. We ndiye ulifanya ikuwe kubwa."

Alikuwa na miaka kumi na alikuwa amejua tayari kwamba mambo kama yale huachwa yapite. Mtu alikuwa amemfundisha somo hilo kabla sijamfundisha langu. Mume wangu alipotoka ghalani jioni ile, nikamsimulia, alivaa viatu tena akataka kwenda kule kule. Nilimzuia. Nilijua wangeandika nini juu ya mwanamume mweusi anayegonga lango la kasri gizani.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, nilikwenda Galerie d'Ixelles, penye saluni za Wakongo, kusukwa. Msusi wangu, mama mmoja wa Uvira, alikuwa na kioo kikubwa alichokizungushia picha za mitindo, kadi za ubatizo, matangazo ya tamasha. Nilikaa kwenye kiti, nikainua macho, nikamwona binti yangu.

Ilikuwa karatasi ya rangi, nzuri, ya kung'aa. Mwanangu ameshika mchi, kauri kwenye paji la uso, macho yake makubwa yanaitazama kamera. Chini yake: Njooni mgundue Afrika, dakika chache tu kutoka Brussels.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ile? Muteja moja aliileta. Zinapatikana mu metro, kila pahali. Mutoto muzuri, nikaibandika." Akaniona kwenye kioo. "Maman, kuko nini?"

Nilimweleza. Alisimama na kitana mkononi. Kisha akaibandua ile karatasi, akaikunja, akaiingiza kwenye sidiria yake kana kwamba anaificha isiendelee kuonekana, akazima mashine ya kukausha nywele iliyokuwa juu ya kichwa cha mteja mwingine.

"Sikilizeni," akawaambia wanawake wote waliokuwa mle ndani.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwenye kasri. Tulikuwa wanawake sita na watoto kadhaa, tumetoka misa, tumevaa vizuri. Mpango ulikuwa rahisi. Tungeingia kama wageni wengine, tungeketi ndani na mbele ya zile nyumba za udongo, na hatungeondoka hadi mkuu aje aahidi, mbele ya watu, kwamba picha ile itaondolewa. Binti yangu alikataa kuja. Sikumlazimisha.

Tuliketi. Tulifungua vyakula vyetu, wali na kuku na sombe, tukala kwenye ule mkeka wao. Ikawa siku ya jua, na wageni wakaanza kuja na watoto kwenye vigari. Na wageni wale walitufanya nini? Walitupiga picha. Walisimama kwa mbali kwa heshima, wakanong'ona, wakapiga picha. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake aone vizuri tunavyokula kwa mkono. Bwana mmoja mzee, mwenye kofia, alinisogelea akaniuliza kwa adabu kubwa ngoma itaanza saa ngapi.

Walidhani sisi ni sehemu ya programu. Tulikwenda kukataa kuonyeshwa, tukawa maonyesho mazuri kuliko yote waliyowahi kuyapata, na bila malipo.

Mama wa Uvira alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha nikaona anafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko. Nikamwambia yule mzee, "Ngoma inaanza sasa hivi. Simama hapo hapo."

Nilisimama mlangoni mwa msonge nikafundisha somo langu. Lote. Sikuwa na ramani wala magamba, lakini nililijua kwa moyo. Nilionyesha minara kwa kidole nikawaambia kila mnara umelipiwa na nini. Niliwaambia juu ya kucha za manjano. Niliwaambia kwamba kwenye kasri hili kuna nyumba ya vioo wanayoweza kuiona, ambamo ukweli huu ulikuwa ukifundishwa kwa watoto hadi ulipoonekana ni mzito, na sasa wanakula chakula cha mchana humo. Wengine waliondoka mara moja. Wengine walibaki, na yule mzee alivua kofia yake, jambo ambalo sikulihitaji. Mwenzangu wa Lubumbashi, aliyekuwa zamu siku ile, alikuwa amejibanza nyuma ya msonge na vazi lake. Aliposikia nimefikia habari ya kamera na binti yangu, alivua ule mkufu wa kauri akauweka chini. Msimu uliofuata alikuwa amerudi kazini na mkufu shingoni, na kwa muda mrefu tulipokutana sokoni sikumsalimia. Nilipomsalimia mwishowe, aliitikia kana kwamba tuliachana jana. Hasira yangu kwake ilikuwa ya bei rahisi, kwa sababu ni yeye tu niliyeweza kumfikia.

Mkuu alikuja na mlinzi, halafu na polisi wawili. Nilimwonyesha ile karatasi mbele ya wageni wote.

"Huyu ni binti yangu. Nani alikupa ruhusa?"

"Shule ilikuwa na habari kwamba..."

"Mimi ndiye mama yake. Nani?"

Alisema jambo hilo litaangaliwa. Alisema kwa sauti laini. Polisi mmoja, kijana, alimwuliza mwenzake kama sisi ni wafanyakazi au ni wageni, na mwenzake hakujua. Wakatuomba tumalize chakula chetu tuondoke kwa amani, nasi tulimaliza, polepole, mpaka mfupa wa mwisho.

Karatasi ziliondolewa. Katika wiki mbili tatu hazikuonekana tena kwenye metro, na mahali pake zikaja nyingine zenye picha ya kibuyu. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyesema kuna kosa lililotendeka. Zile nyumba za udongo zilisimama kwa misimu mingine kadhaa, watoto wakiendelea kuja kwa mabasi, hadi mvua za Ubelgiji zilipozilainisha zikainama upande mmoja zikabomolewa kwa ajili ya usalama.

Mimi nilipata kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya Evere, mtaa mwingine wa Brussels. Huko, miaka ya mwisho ya tisini, nikitoka zamu ya asubuhi, nilikutana na yule mtafiti kwenye kituo cha basi. Alinitambua yeye kwanza. Alifurahi, kwa kweli alifurahi, akanishika mkono.

"Nimemaliza udaktari," akasema. "Na wewe umo kwenye tasnifu yangu! Sura nzima, karibu. Ile siku ya mchi ndiyo iliyobadilisha fikra zangu zote. Usiwe na wasiwasi, sikuandika jina lako."

"Nini ulichoandika kuhusu mwanangu?"

Alifikiri. Niliona anafikiri kwa dhati. "Kuhusu mtoto mwenyewe, si mengi," akasema. "Utafiti ulikuwa juu ya watazamaji."

Basi lake likaja akapanda, akanipungia mkono kupitia dirishani.

Sasa niseme kile ambacho hakimo kwenye sura yake. Zile karatasi zilipokuwa bado kwenye metro, mtoto mmoja alipeleka moja shuleni, na binti yangu akaikuta imebandikwa juu ya ndoano yake ya koti. Hakuniambia, niliambiwa na mama wa rafiki yake baada ya miezi. Alichofanya ni kuacha Kiswahili. Hakutangaza. Niliongea naye barabarani kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kifaransa. Kwenye metro alinitangulia hatua kadhaa nikifungua mdomo. Nyumbani aliendelea kidogo na baba yake, kwa maneno ya chakula na ya kulala, kisha na hayo yakaisha. Nilijaribu kwa upole, nilijaribu kwa ukali. Nilimwambia ndiyo lugha niliyomzalia. Alinitazama na yale macho makubwa akasema, "Je sais, maman." Najua, mama.

Leo ni mwanamke mzima, ana kazi nzuri na watoto wawili, ananipenda, ananipigia simu kila Jumapili. Tunazungumza Kifaransa. Wajukuu wangu nawaimbia, nao wanacheka kwa sababu hawaelewi hata neno moja.

Kazi waliyoninyang'anya niliipata nyingine. Picha waliiondoa. Lakini kwenye kasri lile aliingia mtoto aliyekuwa akiongea nami kwa lugha ya mama yangu, na hawakunirudishia. Hilo sijawasamehe, na sina nia.